Mshereheshaji Aliyekwenda Kupimwa

Mtu yeyote aliyewahi kualikwa harusini katika mji ule kwa miaka kumi na mitano iliyopita alimfahamu Maiki. Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti na kinywani mwa mama yake. Kwa wengine wote alikuwa Maiki, kwa sababu kipaza sauti kilimkaa mkononi kama kidole cha sita. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mrefu, mwenye suti tatu zinazofanana kabisa. Alijua kumsifu bibi harusi bila kumuudhi mama mkwe. Alijua kumnyang'anya kipaza sauti mjomba anayehutubia kwa dakika ya ishirini, na mjomba akarudi kitini akiamini kwamba kuketi lilikuwa wazo lake mwenyewe. Watu walisema yule bwana amezaliwa sebuleni, katikati ya wageni.

Walichokuwa hawakijui ni kwamba maneno yale yote yalitoka kwenye madaftari. Yalikuwa kumi na moja, yenye majalada magumu, yamelala kabatini chini ya mashuka. La kwanza alilianza akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amekwenda kumpa pole rafiki yake aliyefiwa na baba, akaketi sebuleni pamoja na wafiwa, na kwa kuwa kila aliyeingia alisema kitu, naye akaona aseme kitu. Akauliza jeneza lina kilo ngapi. Lilikuwa swali la nia njema: alikuwa amewahesabu wabebaji akaona wanne hawatatosha. Sebule nzima ilimgeukia. Rafiki yake hajamsemesha mpaka leo. Kesho yake Maiki alinunua daftari, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza, "Msibani," na chini yake kila sentensi aliyokumbuka kuisikia pale, neno kwa neno, pamoja na nani alimwambia nani. Baadaye zikaja kurasa za "Mtu akinunua gari," "Mtu akikuonyesha picha ya mtoto mchanga," "Jirani kwenye ngazi," na kurasa kumi na nne zenye kichwa kimoja: "Utani, na wakati wake."

Alipofika miaka ishirini na sita alikuwa ameyahifadhi mengi kiasi kwamba mshereheshaji wa harusi ya binamu yake alipougua ghafla, ukoo mzima ulimsukuma yeye mbele. Akagundua jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Sherehe ilikuwa mahali pepesi kuliko pengine popote, kwa sababu sherehe ina ratiba. Kwenye foleni ya benki hakuna anayekupa karatasi inayosema watu watacheka saa ngapi. Harusini unapewa.

Lakini mwili ulidai chake. Kila sherehe ilipokwisha alimwachia fundi mitambo kazi ya kukunja nyaya, akasema anakwenda kupiga simu. Hakuwa na simu ya kupiga. Alikwenda kuketi kiti cha nyuma cha gari, akafunga vioo, akajifunika taulo kichwani mpaka mlio wa vijiko na sahani ulipomtoka kwenye meno. Ilimchukua dakika arobaini. Fundi mitambo, mtu asiye na maswali mengi, alikuwa amefanya naye kazi miaka kumi na moja na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba Maiki ana mwanamke wa pembeni. Alimheshimu kwa kutozidisha muda hata siku moja.

Mambo yalianza kwenye semina. Chama cha wazazi wa watoto wenye usonji kilikodi ukumbi kwa siku nzima, na mtu wa kuchangamsha akatakiwa. Asubuhi mwanasaikolojia mmoja, mama mfupi mwenye viatu vya chini na sauti ya mafua, alizungumza kuhusu watoto. Baada ya chakula ilikuwa zamu ya watu wazima, lakini sauti ikawa imemkauka. Akampa Maiki kadi yenye orodha ya dalili, akamwomba amsomee.

Maiki alisoma kama alivyozoea kusoma kila kitu.

"Ya kwanza," alisema kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Mtu huyu huandaa mazungumzo kichwani kabla hayajatokea." Akatua kidogo. "Waume mliochelewa kurudi nyumbani, mnaitwa huku."

Ukumbi ulicheka.

"Ya pili. Sauti za kawaida, kama za vyombo vikigongana, humchosha au kumuumiza. Huyo ni binti yangu siku ya zamu yake ya kuosha."

Wakacheka tena.

"Ya tatu. Amejifunza kuwatazama watu machoni, kama mtu anavyojifunza kuendesha gari." Hapa hakuwa na utani, lakini watu walishashika mwendo, wakacheka wenyewe.

"Ya nne. Huiga maneno, ishara na vicheko vya wenzake ili asionekane tofauti. Baadaye hulazimika kujitenga ili apate nguvu."

Akanyamaza. Fundi mitambo, kule nyuma, alidhani kipaza sauti kimekufa, akaongeza sauti mpaka mwisho. Kwa hiyo watu mia mbili walimsikia Maiki akimeza mate. Wakavunjika mbavu. Waliona huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe.

Alimaliza kazi yake bila kukosea. Mwanasaikolojia alimshika mkono akamwambia, "Una kipaji cha watu wewe." Maiki akamjibu jibu la daftari la tatu. Mama yule alipogeuka kutafuta mkoba wake, Maiki alichukua kadi moja ya anwani mezani na kuificha kwenye soksi, ingawa zilikuwa zimewekwa pale ili watu wachukue.

Miezi saba ilipita hajapiga simu. Kadi ilihama kutoka kwenye soksi kwenda kwenye pochi, kutoka kwenye pochi kwenda ndani ya kitabu cha maelekezo ya jokofu, mahali ambapo hakuna binadamu anayefungua. Aliingia bafuni na simu akafanya majaribio ya mtandaoni, yale ya maswali hamsini. Kila mara alama zilivuka mstari wa usonji. Akayafanya upya, safari hii akibadilisha jibu mojamoja, ili aone ni wapi hasa angekuwa mtu wa kawaida. Akapata kwamba ili awe wa kawaida ilimbidi aseme uongo kwenye maswali kumi na tisa.

Hofu zake zilikuwa mbili, na kila moja ilimngoja nyingine ilale ndipo iamke. Akiambiwa anao, nani atamkodi? Ni kama mwalimu wa kuogelea aliyetangaza kwamba anaogopa maji. Na akiambiwa hana, je? Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Kama hana, basi yale yote, taulo, madaftari, swali la jeneza, ni yeye tu. Ni ubovu wake binafsi, usio na jina wala wenzake.

Jumapili moja asubuhi aliamua kumwambia mkewe. Mkewe alikuwa fundi wa miwani, mwanamke mtulivu aliyezoea kuwauliza watu kama wanaona vizuri zaidi hivi au hivi. Alikuwa mezani akifuta lenzi.

"Nina jambo la kukuambia," alisema Maiki.

Mkewe aliweka kitambaa chini. "Nilijua siku hii itafika. Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo unayempigia simu kila baada ya sherehe. Mke wa fundi mitambo alinidokeza mwaka wa juzi, nikasema nitangoja aseme mwenyewe."

"Sipigi simu. Huwa naketi kwenye gari na taulo kichwani."

Mkewe akauliza, "Lile la kijani?"

"Ndiyo."

"Taulo hilo nimelitafuta mwaka mzima. Nilimshuku dada yako."

Basi Maiki akamweleza yote: kadi, maswali hamsini, kitabu cha jokofu. Neno lenyewe, usonji, alilisema mwisho, haraka, kama mtu anayevuka barabara. Akangoja. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kicheko, na kwa maswali.

"Mimi nilidhani unajua," alisema mkewe.

"Najua nini?"

"Siku ya kwanza ulipokuja kwetu, baba alipiga utani, ukamuuliza kama amemaliza, ili uanze kucheka. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa kipekee. Halafu baada ya harusi nikayaona madaftari. Nililisoma la sita. Kuna ukurasa wangu."

Maiki alihisi masikio yakimwaka moto.

"Umenipatia sana," alisema mkewe. "Ila una makosa mawili. Maua ya njano siyapendi, na nikinyamaza sijakasirika. Nimechoka tu."

"Miaka kumi na mitatu nimekuletea maua ya njano."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unajitahidi sana. Niliona nitakuharibia." Akachukua tena kitambaa chake. "Kesho piga simu. Piga kweli, safari hii."

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Maiki alifika nusu saa kabla ya wakati, na daftari jipya, la kumi na mbili, kwenye mfuko wa koti. Ndani alikuwa ameandika maswali ambayo daktari angeuliza na majibu yake, halafu akakata majibu yote kwa sababu yalikuwa mazuri mno, akaandika mengine mabaya kidogo, halafu nayo akayakata kwa kuona ni uongo.

Dada wa mapokezi alimtambua kabla hajafika mezani. "Maiki mwenyewe. Ulisherehesha harusi ya dada yangu, mpaka leo tunaizungumzia. Umemleta mtoto?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Kufanya nini?"

"Kupimwa."

Dada yule alicheka mpaka akalaza kichwa juu ya kitabu cha wageni. "Wewe ni mtu hatari," alisema, akimwandika jina huku mabega yakimtikisika. Naye Maiki akacheka, kwa sababu mtu akikuchekea ukiwa umesimama mbele yake, ndivyo inavyofanywa.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza ndogo, viti viwili na saa ya ukutani iliyosimama. Daktari, yule yule wa semina, sasa sauti imemrudia, alieleza kwamba ameitoa betri kwa kuwa mlio wake huwasumbua baadhi ya wanaokuja. Tangu azaliwe Maiki hajawahi kuingia chumba ambacho mtu amelifikiria jambo hilo. Na kwa vile hakujua la kufanya na wema huo, akatania.

"Kwa hiyo humu ndani hatuzeeki."

Daktari alicheka. Dakika moja tu, na tayari amemchekesha.

Alijaribu kuacha akashindwa. Aliulizwa kuhusu shule, akasimulia kisa cha shule chenye mwanzo, kilele na mwisho. Aliulizwa kuhusu kelele, akaigiza binti yake akiosha vyombo. Alimuuliza daktari mafua yalikwishaje. Aliisifu miti iliyoonekana dirishani. Kila kitu kilimtoka kikiwa kimepigwa pasi, na kila mara daktari alipotabasamu, Maiki alijiona anajifungia mlango kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa amekuja kusema ukweli, na hakuwa na mazoezi nao.

Muda ulipokwisha alisema, "Najua utaniambia sina."

"Sijasema kitu."

"Nimekuchekesha mara nne."

"Tano. Moja niliibana." Daktari akafunga kalamu yake. "Tangu uingie umenitazama katikati ya nyusi. Hapa hapa. Nataka kujua jambo moja. Inachosha?"

Maiki alifungua kinywa. Alitafuta jibu la daftarini, akakuta ukurasa mtupu.

"Sana," alisema.

Daktari alingoja kama kuna kinachofuata. Hakikufuata. "Wiki ijayo njoo na mtu aliyekujua ukiwa mtoto," alisema. "Na hilo daftari unaloligusagusa mfukoni, ukipenda, lilete tulisome."

Aliyemjua akiwa mtoto alikuwa mmoja tu. Mama yake alikuwa mstaafu wa masjala, mtu aliyelinda mafaili ya ofisi ya wilaya kwa miaka thelathini na miwili bila kupoteza hata moja, na ambaye hakuona sababu ya kuanza kukosea uzeeni. Maiki alipompigia simu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Usonji ni wa watoto," alisema. "Wewe una miaka arobaini na mmoja. Ungekuwa nao ungeshakwisha."

"Mama, ni maswali machache tu."

"Nitakuja. Lakini nakuja kukutetea."

Alikuja kweli, na sketi yake ya vikao, na bahasha yenye ripoti zote za shule kuanzia darasa la kwanza, zimepangwa kwa tarehe. Daktari akasimama akamwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Andika kwamba hana."

"Tutaandika, Mama. Karibu uketi kwanza." Daktari akangoja akae. "Nielezee. Alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Mtoto bora. Hakunisumbua hata siku moja. Wa wenzangu walikuwa nje wanapiga makelele, wangu yuko chini ya meza anapanga vifungo."

"Vifungo vya nguo?"

"Mia mbili kumi na sita. Kwanza kwa ukubwa, halafu kwa rangi, halafu kwa idadi ya matundu. Sasa mtoto mwenye matatizo anaweza hivyo?"

Daktari aliandika. Mama alipoona kalamu inatembea alipata moyo, akasogeza kiti mbele.

"Alikuwa na adabu. Wageni wakija, yeye ndiye aliyewakumbusha saa ya kuondoka."

"Chakula je?"

"Hakuwa mchaguzi kabisa. Alikula chochote, mradi visigusane kwenye sahani."

"Na marafiki?"

"Wengi," alisema mama. Akafikiri, maana hakuwa mwongo. "Mmoja. Mlinzi wa shule. Mtu mzima, mwenye akili sana. Walizungumza habari za makufuli."

Maiki aliinamisha uso. Alikuwa amesimama mbele ya kumbi nyingi lakini hajawahi kuona mtu akiuteka ukumbi namna ile bila kujua.

"Kukitokea mabadiliko, alikuwaje?"

"Kama mtu yeyote. Tulipohama nyumba alikaa wiki tatu bila kutamka neno. Lakini hilo lilikuwa kosa la nyumba. Ilikuwa nyumba mbaya, madirisha yalikuwa upande usiofaa. Hata mimi sikutamka."

Kalamu ya daktari ilisimama, kisha ikaendelea. "Kusalimiana na watu, alijifunzaje?"

"Nilimfundisha, kama mzazi yeyote. Nilimwandikia kadi. Huyu unamwambia hivi, akikujibu hivi unarudisha hivi. Nikazibandika nyuma ya mlango, akawa anazisoma kabla ya kutoka."

"Na wewe, Mama, nani alikufundisha?"

"Kadi," alisema mama. "Yaani, mama yangu hakujua kuandika. Nilizitengeneza mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa."

Mama alibana kifungo cha mkoba wake, akakifungua, akakibana tena, na Maiki, aliyekuwa ameuona mkono ule ukifanya hivyo maisha yake yote, kwa mara ya kwanza akauangalia.

"Tulikuwa tunazungumza habari za nani?" aliuliza mama.

"Za mwanao."

"Basi turudi kwa mwanangu."

Majibu yalitolewa baada ya wiki mbili. Maiki alikwenda na hotuba mbili fupi za shukrani, moja mfuko wa kulia kama atakuwa nao, nyingine wa kushoto kama hatakuwa nao. Daktari hakuzunguka mbuyu.

"Una usonji," alisema. "Umezaliwa nao. Na umefanya kazi kubwa ya kuuficha, kazi ambayo hakuna aliyekushukuru kwa sababu hakuna aliyeiona."

Mkono wa Maiki ulikwenda mfuko wa kulia, ukaishia hapo. Alikuwa amekisia kwamba atafurahi au atalia. Kilichomjia kilikuwa hasira, na haikuwa ya mtu fulani.

"Mimi nilidhani kila mtu ana madaftari," alisema. "Nilidhani wenzangu wanayaficha vizuri zaidi."

"Hapana. Wengi hawana."

"Sasa wanajuaje la kusema?"

Daktari alifikiri. "Mara nyingi hawajui," alisema. "Ila hawaogopi."

Alikaa pale mpaka muda wake ulipokwisha. Alipoondoka, dada wa mapokezi alimwomba ampigie utani mmoja wa kumalizia siku. Maiki alimwambia leo hana. Dada yule akacheka sana.

Hilo ndilo lililomsumbua miezi iliyofuata. Miaka ishirini na miwili aliogopa watu watajua, na sasa alipowaambia hakuna aliyekubali. Mjomba wake alisema naye basi anao, maana hapendi wageni. Jirani alimpongeza. Aliyeumia peke yake ni fundi mitambo.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," alisema.

"Hakuna."

"Miaka kumi na moja nimekutunzia siri, kumbe hakuna siri."

"Ilikuwepo. Ila haikuwa hiyo."

Fundi mitambo alikunja waya kuzunguka kiwiko, akafika mwisho, akaufungua, akaukunja upya. "Vile vijiko ulivyosema vinakuumiza," alisema hatimaye. "Naweza kuwaambia wahudumu wasikusanye vyombo ukiwa unazungumza. Ningewaambia tangu zamani kama ungeniambia."

Kwenye kikao cha harusi iliyofuata, Maiki alipiga moyo konde akaiambia wazi kamati nzima: yeye ana usonji, na katikati ya sherehe atahitaji robo saa ya ukimya. Kamati ilicheka mpaka mweka hazina akafuta machozi. Huyu bwana na vituko vyake. Wakaiingiza robo saa hiyo kwenye ratiba na kuichapa: saa tisa na robo alasiri, mshereheshaji ananyamaza.

Saa tisa na robo ilipofika, akaweka kipaza sauti chini. Fundi mitambo akazima mitambo, wahudumu wakasimama na sinia zao. Wageni mia tatu walikaa wakitazamana, wakingoja kichekesho. Dakika ya nne wakaacha kungoja. Bibi harusi alivua viatu chini ya meza. Baba wa bibi harusi na baba wa bwana harusi, ambao tangu maandalizi yaanze walikuwa hawaivi chungu kimoja, walijikuta wamekaa karibu bila kulazimika kuelewana. Bibi mmoja alilala. Maiki mwenyewe aliketi kwenye ngazi ya jukwaa na mikono magotini, na alipoinuka alikuwa na nguvu za kusherehesha harusi nyingine tatu. Kila aliyeulizwa baadaye alisema pale ndipo sherehe ilipokuwa tamu.

Ndani ya miezi minne ikawa fasheni. Hakuna harusi iliyokamilika bila kimya. Mshereheshaji mmoja kijana, ambaye tayari alikuwa amejitangaza kuwa bingwa wa dakika za ukimya, alimpigia simu kuomba ushauri.

"Kaka, kile kimya chako, chini unaweka muziki gani?"

"Siweki."

"Hata kidogo? Sasa watu wanafanya nini?"

"Wanakaa."

Upande wa pili ulifikiri. "Hiyo ngumu, kaka. Mimi nitaweka kinanda kidogo."

Mama yake hakuligusia suala lile tena. Akija alizungumza habari za hali ya hewa na za mjukuu wake, na akiondoka aliondoka kwa wakati. Halafu siku moja katikati ya wiki alipiga simu.

"Kuna rafiki yangu," alisema. "Ana miaka sabini na moja. Anauliza kama daktari yule anapokea watu wazima sana."

"Anapokea."

"Siyo mimi."

"Sijasema ni wewe, Mama."

"Na hataki jina lake liandikwe ovyo. Anajua majina yakiandikwa yanakwenda wapi."

Maiki aliweka miadi, akamfuata kwa gari siku yenyewe. Walipanda ngazi za kliniki polepole. Mama alikuwa amevaa ile sketi ya vikao, safari hii bila bahasha. Dada wa mapokezi alimwamkia kwa heshima, akauliza, "Mama, ni wewe unayemwona daktari?"

"Nimemsindikiza rafiki yangu."

Dada akaangalia mlangoni, akaangalia ngazi. "Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Wakaketi kwenye viti vya ukutani. Chini, kwenye duka la matairi, mtu alikuwa akigonga chuma, na Maiki alimwona mama yake akikunja uso kwa kila pigo, kidogo sana, kama anavyokunja yeye. Alinyanyuka akafunga dirisha, akarudi akakaa.

Mlango wa ndani ulifunguliwa. "Karibu, Mama," alisema daktari.

Mama alisimama, akanyoosha sketi yake, akampa Maiki mkoba amshikie.

"Rafiki yangu akifika," alisema, "mwambie nimeshaingia."